Umesimba diski ya kompyuta yako: inakulinda wapi, inakuacha wapi

Kuna maswali matatu ninayoulizwa karibu kila wiki. La kwanza: nimeweka nywila ndefu kwenye Windows, si inatosha? La pili: nimewasha BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, hata nikiibiwa kompyuta niko salama? La tatu huja kwa simu, usiku, sauti ikitetemeka: kompyuta imewaka na skrini ya buluu inayodai tarakimu 48, nazitoa wapi?

Hili la tatu ndilo linaloniuma. Wengi wanaolileta hawakuibiwa wala kudukuliwa. Wamefungiwa nje ya kazi zao wenyewe na kinga ambayo hawakujua hata kwamba imewashwa. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii kwenye kuwasha usimbaji. Unakuonyesha pia mahali kinga ya usimbaji inapokomea, na la kufanya kuanzia hapo. Nimezungumzia Windows zaidi kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Wenye Mac na Linux nimewagusa pale panapohitajika.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Kusimba diski ni kugeuza kila kilichoandikwa humo kuwa vurugu isiyosomeka bila ufunguo. Kinga hiyo ina nguvu kompyuta ikiwa imezimwa. Ukishaiwasha na kuingia, ufunguo unakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na diski nzima inasomeka: unaisoma wewe, anaisoma aliyeketi kwenye kiti chako ulipotoka kupokea simu, na kinaisoma kirusi ulichopakua jana.

Nywila ya Windows peke yake, bila usimbaji, haifiki hata hapo. Mwizi anafungua skrubu chache, anachomoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine, na faili zako zote ziko mbele yake. Hahitaji kuijua nywila.

Hesabu zenyewe ni imara. AES, kanuni ya usimbaji inayotumiwa na BitLocker, FileVault ya Mac na LUKS ya Linux, ni kiwango rasmi cha serikali ya Marekani tangu 2001, na hakuna anayejulikana kuivunja kivitendo. Anayeitaka data yako hahangaiki na AES. Anapita pembeni, na njia hizo za pembeni ndizo tutakazoziba leo, zile zinazozibika.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Saa mbili au tatu za utulivu, na umeme wa uhakika au betri iliyojaa.
- Diski ya nje yenye nafasi ya kutosha faili zako zote.
- Karatasi na kalamu. Kama una printa yako nyumbani, vizuri zaidi.
- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo.
- Toleo la Windows yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, soma kama ni Home au Pro.
- Akaunti ya Microsoft ambayo unaijua nywila yake, na namba ya simu iliyoandikishwa humo iwe bado ni yako. Laini uliyoiacha miaka mitatu iliyopita huenda leo ina mwenyewe mwingine.

Hatua

1. Andika unamwogopa nani.

Chukua karatasi, andika majina au aina ya watu. Mwizi wa begi kwenye daladala au matatu: usimbaji unamweza vizuri sana. Mwenzako wa ofisini anayeijua nywila yako: haumwezi hata kidogo. Kirusi kinachofunga faili na kudai fidia: haumzuii, kwa sababu chenyewe kinaendeshwa ndani, ukiwa umeshaingia, kinachukua faili zako na kuzisimba tena juu kwa ufunguo wake. Mtu mwenye uwezo wa kukulazimisha useme nywila: haumzuii. Ukiwa Uingereza, kwa mfano, sheria ya RIPA inaruhusu kutoa amri uifungue data, na kukataa kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 2, au 5 ikihusu usalama wa taifa.

Kama orodha yako yote imeangukia upande wa wale ambao usimbaji hauwawezi, BitLocker siyo dawa yako ya kwanza. Anza na nywila mpya, masasisho na nakala rudufu.

2. Toa nakala rudufu kwanza.

Usiruke hatua hii. Diski ya kawaida ikianza kufa, fundi mzuri bado anaweza kuokoa picha na nyaraka vipande vipande. Diski iliyosimbwa haina huruma hiyo: ikiharibika sehemu ndogo inayotunza funguo, kila kitu kimekwenda, hata kama asilimia 99 ya diski ni nzima.

Kisha nakala hiyo nayo isimbwe. Nimeona watu wamefunga kompyuta kwa makini, halafu diski ya nje yenye faili zilezile imelala juu ya meza, wazi. Windows Pro inasimba diski ya nje kwa BitLocker To Go: bonyeza ikoni ya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Turn on BitLocker". Mwenye Home atumie VeraCrypt, programu ya kusimba ya bure.

3. Angalia hali halisi ya sasa.

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika:

`manage-bde -status`

Soma mistari miwili ya diski C. "Percentage Encrypted" inakwambia kiasi gani kimeshasimbwa. "Protection Status" inakwambia kama ufunguo umelindwa. Ukiona asilimia 100 lakini "Protection Off", usidanganyike: data imesimbwa, ila ufunguo umeachwa wazi kwenye diski hiyohiyo. Hali hii hutokea sana kwa kompyuta iliyoanzishwa bila akaunti ya Microsoft.

Wengine watashangaa kukuta kila kitu kimewashwa tayari. Tangu toleo la Windows 11 la 24H2 lililotoka 2024, ukisakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, usimbaji unajiwasha wenyewe, Home ikiwemo. Ufunguo wa urejeshaji, zile tarakimu 48, unapelekwa kwenye akaunti iliyotumika siku hiyo.

Hapo ndipo pana mtego wetu sisi tunaonunua kompyuta dukani ikiwa "imeshapigwa Windows". Ni akaunti ya nani iliyotumika? Kama fundi aliingia kwa akaunti yake ili amalize haraka, ufunguo wa diski yako uko kwake. Huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini siku kompyuta itakapoudai ufunguo, utamtafuta mtu ambaye hata jina lake kamili hulijui, na yeye ana funguo za wateja wengi asiowakumbuka. Kompyuta mtumba zilizotoka maofisini ughaibuni zina tatizo la namna hiyo: ufunguo unaweza kuwa umebaki kwa kampuni ya zamani. Ukinunua, futa diski yote, sakinisha Windows upya mwenyewe, na uingie kwa akaunti yako.

4. Washa usimbaji.

Windows Home: nenda "Settings", "Privacy & security", "Device encryption". Kama kipengele hicho hakionekani, kifaa chako hakikidhi masharti yake, na VeraCrypt ndiyo njia iliyobaki.

Windows Pro: tafuta "Manage BitLocker" kwenye menyu ya Start, washa kwa diski C. Utaulizwa usimbe nafasi iliyotumika tu au diski nzima. Kwa kompyuta mpya kabisa, chagua la kwanza. Kwa kompyuta uliyoitumia miezi au miaka, chagua diski nzima. Faili ulizozifuta zamani bado zimelala kwenye nafasi inayoonekana tupu, na hilo chaguo la kwanza linaziacha zilivyo, zinasomeka.

Ukiwa na SSD (diski ya chipu, isiyo na sehemu inayozunguka), hata hapo usijihakikishie kabisa. SSD huhamisha data kutoka seli moja hadi nyingine ili zisichakae, na hubakiza nakala mahali ambapo Windows haifiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha 2011 kwamba kufuta faili moja moja kwenye SSD kwa kuandika juu yake hakutegemeki. Kwa hiyo siku bora ya kusimba ni ile ya kwanza, kabla hujaweka siri yoyote.

Mac: "System Settings", "Privacy & Security", "FileVault". Linux: LUKS huchaguliwa wakati wa kusakinisha, na kuiongeza baadaye kwenye mfumo unaotumika si kazi ya anayeanza. Angalia kwa `lsblk -f` kama kuna neno crypto_LUKS.

5. Hifadhi ufunguo wa urejeshaji mahali pawili.

Ufunguo wa BitLocker ni tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita. Wa FileVault ni herufi na tarakimu 24. Kwa Windows, uone hivi:

`manage-bde -protectors -get C:`

Uandike kwa mkono, kisha mwingine asome kwa sauti huku wewe ukifuata kwa kidole. Tarakimu moja ikikosewa, karatasi hiyo haina kazi. Andika pia herufi nane za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo kinachoonekana juu yake, maana kompyuta ikidai ufunguo itakuonyesha kitambulisho hicho, na mwenye kompyuta mbili atajua ni upi wa ipi.

Karatasi ikae pamoja na vyeti vyako vya shule na hati ya kiwanja. Nakala ya pili ibaki kwenye akaunti yako ya Microsoft, au kwa ndugu unayemwamini anayeishi nyumba nyingine.

Makosa ninayoyaona hapa ni haya. Mtu anapiga picha ufunguo kwa simu, na simu inakaa begi moja na kompyuta. Mtu anauhifadhi kwenye flashi iliyochomekwa pembeni mwa kompyuta hiyohiyo. Mtu anaupeleka kuchapishwa kwenye duka la stesheneri, na faili inabaki kwenye kompyuta ya duka.

Ujue pia maana ya kuuacha kwenye akaunti ya Microsoft: anayeiteka akaunti hiyo anaupata, na mamlaka yenye amri halali inaweza kuudai kwa kampuni. Kwa mwanafunzi au mfanyabiashara wa kawaida, naona bado inafaa kuuacha huko, kwa sababu hatari ya kuupoteza ni kubwa kuliko hiyo. Kwa mwandishi wa habari au wakili, karatasi tu.

6. Weka PIN kabla ya Windows kuwaka.

Bila PIN, chipu iitwayo TPM inatoa ufunguo yenyewe kila kompyuta inapowashwa, kisha Windows inakuomba nywila. Mwizi aliyebeba kompyuta nzima amebeba na chipu. Mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha kwa video jinsi alivyounasa ufunguo ukipita kutoka TPM kwenda kwenye prosesa, kwa kutumia Raspberry Pi Pico, kifaa cha dola chache, kwa sekunde 43. Ilikuwa kompyuta ya miaka kadhaa nyuma yenye TPM iliyo chipu ya peke yake kwenye madabodi. Kompyuta nyingi za sasa zina TPM ndani ya prosesa yenyewe na waya huo haupo wa kunasia. Hata hivyo PIN inaifunga njia hiyo.

Kwenye Pro fungua `gpedit.msc`, nenda "Computer Configuration", "Administrative Templates", "Windows Components", "BitLocker Drive Encryption", "Operating System Drives", kisha wezesha "Require additional authentication at startup". Baada ya hapo, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

`manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN`

Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala PIN ya pesa za simu. Home haina gpedit. Mwenye Home ategemee hatua inayofuata.

7. Acha kufunga kifuniko tu.

Hii ndiyo hatua ambayo watu huniitikia "sawa" na kisha hawaifanyi, na ndiyo inayoamua kama kazi yote ya juu ina maana. Ukifunga kifuniko, kompyuta nyingi husinzia tu. RAM inaendelea kupata umeme na ufunguo umo ndani. Kompyuta iliyosinzia ikiibwa, imeibwa ikiwa imefunguliwa, imefungwa skrini tu.

Mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba RAM haisahau papo hapo hata umeme ukikatwa: inabaki na kumbukumbu kwa sekunde kadhaa, na kwa muda mrefu zaidi ikipozwa. Walitoa funguo za BitLocker, FileVault na mifumo mingine kwa njia hiyo.

Wala siyo lazima maabara. Ross Ulbricht, mwendeshaji wa soko la siri la Silk Road, alikuwa amesimba diski yake. Oktoba 2013 maofisa wa FBI walimkuta maktaba huko San Francisco, wakamvuruga mawazo kwa ugomvi wa kuigiza nyuma yake, wakaichukua kompyuta kabla hajaifunga. Usimbaji wake haukuvunjwa. Haukuhitaji kuvunjwa.

Fanya hivi. Andika `powercfg /hibernate on` kwenye Command Prompt ya msimamizi. Kisha fungua "Control Panel", "Power Options", "Choose what closing the lid does", na kwa kufunga kifuniko chagua "Hibernate". Hapo kompyuta inaandika yaliyo kwenye RAM ndani ya diski iliyosimbwa na kuzima kabisa. Ukiwa safarini, kwenye basi, uwanja wa ndege au nyumba ya wageni, zima kabisa, si vinginevyo. Na ukiinuka mezani ofisini, Windows na L.

8. Fuata faili zako zinakokwenda.

Usimbaji wa diski hauisindikizi faili ikitoka. Ukiinakili kwenye flashi, inatoka ikiwa imefunguliwa. Ukiituma kwa barua pepe au WhatsApp, aliyeipokea ana nakala kwenye simu yake, pengine isiyo na hata namba ya siri. Ukiiweka OneDrive au Google Drive, huko inalindwa na ufunguo wa kampuni, na anayejua nywila ya akaunti anaisoma.

Kaa na karatasi ya hatua ya 1, chagua faili moja nyeti, kwa mfano skani ya kitambulisho cha mteja, na uorodheshe kila mahali ilipopita mwezi huu. Wengi niliofanya nao zoezi hili walifika mahali sita au saba, na kompyuta yao iliyosimbwa ilikuwa mahali pamoja tu kati ya hapo. Kwa anayetunza taarifa za watu wengine hili ni suala la sheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Faili ya kutuma ifungie kwanza ndani ya faili ya 7-Zip (programu ya kubana faili) yenye nywila, ukichagua AES-256 na kuweka tiki kwenye kusimba majina ya faili. Nywila ipeleke kwa njia nyingine. Piga simu uiseme.

Onyo kwa wanaosimba folda moja tu badala ya diski nzima: ukifungua waraka uliomo, Word huweka nakala za muda kwingine, Windows hutunza picha ndogo za kilichomo na orodha ya faili za karibuni. Chombo cha VeraCrypt, yaani faili inayobeba folda iliyosimbwa, kimefungwa vizuri, lakini nyayo ziko nje yake.

9. Hakiki.

Zima, washa, ingiza PIN kama uliiweka. Rudia `manage-bde -status`: asilimia 100 na "Protection On". Linganisha kitambulisho cha ufunguo kwenye kompyuta na kilicho kwenye karatasi. Rudia ukaguzi huu kila baada ya kusakinisha Windows upya, kwa sababu ufunguo mpya hutengenezwa na karatasi ya zamani inakufa.

Mambo yakikwama

*Skrini ya buluu inadai ufunguo, na sijabadilisha kitu.* Mara nyingi BIOS (programu inayoamsha kompyuta kabla ya Windows) imesasishwa, mpangilio wa kuwaka umebadilika au kifaa kimechomekwa. Chomoa flashi na vifaa vya nje, washa tena. Ikiendelea, ingiza tarakimu 48. Siku nyingine, kabla ya kusasisha BIOS, simamisha ulinzi kwa muda: `manage-bde -protectors -disable C:`.

*Ufunguo haumo kwenye akaunti yangu.* Jaribu akaunti zote: ya kazini, ya chuo, ya mwenzi wako, ya aliyekusakinishia. Kama haupo popote, data hiyo imekwenda. Najua inauma kusikia. Anayekwambia atauvunja kwa kiasi fulani cha fedha anakutapeli, usimpe hata nauli. Sakinisha upya, rudisha nakala ya hatua ya 2.

*Umeme ulikatika katikati ya kusimba.* Usiogope, BitLocker inaendelea ilipoishia ukiwasha.

*Flashi niliyoisimba haifunguki kwenye Mac wala simu.* BitLocker To Go ni ya Windows. Kwa kuhama kati ya Windows, Mac na Linux tumia VeraCrypt.

*Nimebadilisha nywila ya LUKS kwa sababu ilijulikana.* Kama uliwahi kutoa nakala ya kichwa cha LUKS (sehemu ya diski inayotunza funguo) kabla ya kubadilisha, nakala hiyo bado inafungua diski kwa nywila ya zamani. Ifute popote ilipo, kisha toa mpya kwa `cryptsetup luksHeaderBackup`.

*Fundi anataka nywila ili atengeneze.* Kwa kioo, betri au kibodi haihitaji. Anaweza kuwasha hadi BIOS na kujaribu hapo. Akilazimika kuingia Windows, mfungulie akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi. Usisimamishe ulinzi wa BitLocker na kumwachia kompyuta, maana hapo ufunguo uko wazi kwa yeyote dukani. Akikwambia madabodi imebadilishwa, TPM nayo imebadilika: chukua karatasi yako ya tarakimu 48, uziingize wewe mwenyewe, kisha `manage-bde -status` kuhakikisha imeandika "Protection On" kabla hujaondoka na kompyuta.